Kioo na Kutu

Kioo hakuzaliwa na jina hilo, lakini alilivaa miaka mingi hata mkewe akawa anamwita hivyo hivyo. Alikuwa fundi wa kung'arisha vyuma vya pikipiki, na mji mzima hapakuwa na wa kumfikia. Umpelekee kava ya injini iliyochakaa, imeota vidonda vya chumvi na kugandwa na mafuta meusi, ukirudi unakabidhiwa kitu unachoweza kukitegemea kunyolea ndevu. Kwenye kazi tumpe haki yake, maana baada ya hapo hakuna jingine zuri la kumpa.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kimeegemea ukuta wa ghala, ubavuni mwa fundi pancha. Ndani mlikuwa na mota iliyofungwa kwenye meza nzito, na kwenye mota gurudumu la vitambaa vya pamba vilivyoshonwa pamoja, pana kama sahani ya kupakulia. Mota ikiwashwa, gurudumu linavuma mpaka meno yanawasha. Kioo alilipaka kipande cha dawa kigumu kama sabuni ya mche, kisha akakandamiza chuma upande wa chini wa gurudumu, kamwe si wa juu, kwa sababu ukikosea linakupokonya chuma na kukurudishia usoni. Vumbi jeusi liliingia puani, masikioni, kwenye mikunjo ya shingo. Akipenga kamasi, leso inakuwa ya muuza mkaa. Kila jioni alitoka pale kama sufuria lililosahaulika motoni, huku vyuma vya watu vikimeta nyuma yake.

Lakini gurudumu ni mapambo. Kazi yenyewe iko kwenye msasa. Unaanza na mkali, unafuata wa wastani, unamalizia na ule laini wa kulowesha maji, na kila msasa unapita kwa kukatisha njia ya uliotangulia ili ukiona mkwaruzo ujue ni wa nani. "Gurudumu halifichi dhambi za msasa," Kioo alipenda kusema, na siku zile wasikilizaji wake waliitikia kwa kichwa wakidhani anazungumzia vyuma tu.

Akimaliza, alifuta chuma kwa fulana kuukuu na poda kidogo, akakiinua mbele ya uso wa mteja, akasema, "Jitazame." Mteja akijitazama, Kioo anamalizia. Dereva mwenye meno yaliyopishana aliambiwa, "Mimi yangu nimemaliza. Hayo mengine kamdai mama yako." Mzee mmoja mwenye upara aliambiwa kwamba sasa ana vyuma viwili vya kung'arisha na kimoja kitakuwa bure. Mbele ya kibanda kulikuwa na benchi la fundi pancha, na benchi halikukosa watu wa kungoja mipira yao iliyopasuka. Walicheka. Aliyesemwa alicheka pia, maana usipocheka unaongezewa.

Ulimi hauna mfupa, lakini wa Kioo ulikuwa na meno. Alikuwa ameshafika umri wa kuwa na mvi na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema neno moja dogo ambalo wewe na mimi tunalisema kila siku: nimekosea. Akikanyaga mguu wako, mguu wako ndio ulikaa vibaya. Akiunguza bomba la moshi la mtu kwa kulikandamiza sana, bomba lilikuwa la bei chee. Mkewe aliwahi kumwambia, "Hivi ukisema umekosea utapasuka?" Akajibiwa kwamba wenye kukosea wapo wengi mjini, hawahitaji kuongezewa.

Sasa kuna kitu kimoja lazima ukijue kuhusu kazi hii. Kila injini ina namba yake, imegongwa kwenye tumbo la chuma, na namba hiyo imeandikwa pia kwenye kadi ya pikipiki. Pikipiki isiyo na namba ni pikipiki ya wizi, hata kama uliinunua kwa jasho la miguu. Ndiyo maana fundi wa kung'arisha, kabla hajashika msasa, hubandika kipande cha tepu ya karatasi juu ya namba. Ndilo somo la kwanza. Kioo alilifundisha kwa namna yake. Mtu mzima mmoja, baba wa watoto, alikuja kujifunza kazi, akaanza kusugua bila kubandika tepu. Kioo hakugomba. Alikata kipande cha tepu, akambandika yule baba mdomoni, akamkataza kukitoa mpaka jua lizame. Benchi lilicheka siku nzima. Yule baba hakurudi tena, akaenda kuuza viazi.

Kioo alikuwa na mdogo wake, wa tumbo moja, aliyekuwa dereva wa pikipiki. Mtaa mzima ulimwita Kutu. Jina hilo alipewa na Kioo mwenyewe wakiwa vijana, kwa sababu uso wake ulijaa chunusi nyekundu, na likamng'ang'ania hata chunusi zilipokwisha na kuacha makovu. Kutu alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwita Kioo "kaka" kwa sauti ile ile aliyoitumia akiwa mtoto, akampisha kiti, akamletea mkate alipopita. Ukimuuliza kwa nini anavumilia, alisema, "Kaka ni kaka."

Miaka mingi Kutu aliendesha pikipiki ya mtu mwingine. Kisha siku moja akaja na ya kwake. Ilikuwa kuukuu, imepita mikono mingi, na ile namba nyingine inayogongwa kwenye fremu ilikuwa imeliwa na kutu zamani. Aliyemuuzia alimwambia ya injini inatosha, na kweli ilitosha. Lakini ilikuwa yake. Aliisukuma mpaka kibandani kwa kaka yake, akaisimamisha, akasema, "Kaka, nataka ing'ae kama zile unazowafanyia watu. Yote."

Kioo aliizunguka kama mtu anayekagua maiti. "Hii? Hii haitaki fundi, inataka mazishi." Benchi likacheka. Kutu akacheka, akakaa mwishoni mwa benchi, mikono magotini.

Kioo alianza vizuri, tusimsingizie. Alifungua kava za pembeni akazipeleka kwenye gurudumu, akazitoa zikiwa na uso wa maji yaliyotulia. Likabaki tumbo la injini, lile lenye namba, ambalo haliondoki. Hapo anatumia drili yenye sahani ya msasa, amechuchumaa ubavuni mwa pikipiki. Alikata tepu, akaibandika juu ya namba, akaikandamiza kwa kidole gumba. Ilikuwa imekaa sawasawa.

Ndipo fundi pancha, kwa kutaka tu soga lisilale, akauliza, "Hivi hili jina la Kutu lilitoka wapi?"

Alilijua. Kila mtu pale alilijua. Lakini Kioo alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote, na kumuuliza lilipotoka jina hilo ni kumfungulia mlango.

"Uso wake ulikuwa umeota kutu kweli kweli," akaanza, drili ikizunguka mkononi. "Basi nikamwambia, mdogo wangu, dawa ya kutu ni nini? Akasema hajui. Nikamwambia ni msasa. Nikampa kipande. Mkali, siyo huu laini. Nikamwambia aende nyuma ya nyumba asugue, na akisikia maumivu ajue dawa inaingia." Aligeuza kichwa kulitazama benchi, kwa sababu hadithi bila nyuso za watu hainogi. "Jamani, akasugua! Nikadhani atasugua mara mbili aache. Akasugua mpaka damu ikatiririka shingoni. Mama anatoka, anamkuta mtoto uso umekuwa nyama. Unamuuliza nani kakwambia, anasema kaka. Huyu ananiamini, huyu. Ukimwambia ruka, anauliza niruke wapi."

Walicheka mpaka mmoja akajishika mbavu. Kutu naye alitabasamu akiangalia viatu vyake, na makovu yakajikunja pamoja na tabasamu. Kioo aliigiza ule usuguaji, kidevu juu, macho kwa watu, na mkono wenye drili ukaendelea peke yake huko chini.

Kicheko kilipopoa akarudisha macho kwenye kazi. Akafuta vumbi kwa kitambaa.

Tepu haikuwepo. Ukingo wa sahani ulikuwa umeichomoa, na ilikuwa imelala sakafuni karibu na kiatu chake, imejikunja. Mahali pa namba palikuwa peupe. Zilibaki tarakimu chache za mwisho, hafifu kama maandishi ya kidole kwenye vumbi, na nyingine zote zilikuwa zimekwenda.

Kioo alibaki amechuchumaa, mgongo kwa watu. Jambo lenyewe lilikuwa na tiba. Angegeuka tu, aseme, "Mdogo wangu, nimekosea, namba imefutika, chukua kadi yako twende pamoja tukaeleze." Mafundi wengine yaliwapata hayo. Wanakwenda, wanaeleza, injini inagongwa namba upya, maisha yanaendelea. Lakini nyuma yake kulikuwa na benchi zima ambalo muda ule ule lilikuwa linamcheka mtu mwingine, na kichwani mwake akamwona yule baba wa watoto akiwa na tepu mdomoni. Akanyanyua kiatu, akaikanyaga ile tepu. Kisha akawasha drili na kuziondoa zile tarakimu chache zilizobaki, kwa sababu namba nusu inauliza maswali, na pasipo kitu hapaulizi. Akapita msasa wa wastani, akapita laini, akamalizia na kitambaa na dawa. Pakang'aa kuliko sehemu nyingine yoyote ya pikipiki ile.

"Jitazame," akasema.

Kutu akainama, akajitazama kwenye tumbo la injini, pale pale. Hakuona kilichopungua. Aliona uso wake, na nyuma ya bega lake uso wa kaka yake. Alipoinuka macho yalikuwa yamelowa. "Asante kaka," akasema. "Sikujua utaifanyia hivi." Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na Kioo akasema asimshike, atamchafua.

Jioni mkewe Kioo alikuta kipande cha tepu kimegandia chini ya kiatu cha mumewe. Alikibandua akakitupa, hakuuliza. Alikuja kukikumbuka baadaye.

Askari wa barabarani hawana haja na pikipiki chafu. Inayometa ndiyo inayoitwa kando. Kutu alisimamishwa akiwa na abiria, akatoa kadi bila wasiwasi wowote, hata akajivunia askari alipopiga goti kuitazama injini. Askari alipapasa tumbo la chuma, akaangalia kadi, akapapasa tena. Akaomba tochi. Kwenye fremu pameliwa, kwenye injini pameng'arishwa. Abiria akatafuta usafiri mwingine. Kutu akapandishwa gari la polisi, na pikipiki yake ikapakiwa nyuma kama mzoga.

Mama yao ndiye aliyeleta habari kibandani. Alikuwa mwanamke mnene wa kutembea polepole, na siku hiyo alifika akihema, kitambaa cha kichwa kimelegea. "Wamemfunga mwanangu," akasema. "Wanasema pikipiki ya wizi. Yeye anasema muulizeni kaka, kaka ndiye aliyeing'arisha, namba ilikuwepo. Zima hilo likelele unisikilize."

Kioo akazima mota. "Nimesikia, mama."

"Ilikuwepo?"

Akaokota fulana kuukuu, akajifuta vidole kimoja kimoja. "Mama, mimi siyo polisi. Nitakwenda nitazungumza nao."

Alikwenda kweli. Alioga kwanza, akavaa shati la kola. Kituoni alimkuta afande mmoja wa makamo, mtu mtulivu aliyeonekana kuchoshwa na kazi yake, akamkaribisha kiti. Kutu aliletwa kutoka mahabusu akasimamishwa kando ya mlango, miguu peku, suruali ameishika kwa mkono kwa sababu mkanda walikuwa wamemvua. Alipomwona kaka yake, mabega yake yalishuka. Ndivyo mtu anavyoshusha mabega akiona amefika nyumbani.

"Fundi," afande akasema, "sitaki kukuzungusha. Huyu anasema uliing'arisha wewe. Kama ilikuwa bahati mbaya, yanatokea, wewe si wa kwanza. Sema ni bahati mbaya, tunaandika, mnakwenda kugonga namba mpya, mwisho. Lakini kama haikuwa na namba ilipofika kwako, hilo ni jambo lingine, na huyu bwana atakaa. Kwa hiyo nakuuliza. Ulipoipokea, ilikuwa na namba?"

Mlango ulikuwa wazi kiasi hicho. Hata kupiga hodi hakuhitajika. Neno lilikuwa moja, na wa kulisikia walikuwa wawili tu, mmoja wao ndugu yake. Lakini Kioo aliwaza kwamba afande naye ana pikipiki, na madereva wote hupita kituoni, na kesho benchi litakuwa na hadithi mpya isiyo ya Kutu.

"Kuing'arisha nimeing'arisha mimi," akasema. "Namba sikuikuta."

Afande akamtazama kidogo, akaandika. Kutu alimtazama kaka yake kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayengoja mwisho wa mzaha acheke pamoja na wenzake. Aliendelea kungoja mpaka wakamgeuza na kumrudisha ndani, akiburuta suruali.

Ukitaka kujua ubaya wa uongo, usimtazame aliyeusema, tazama unakokwenda baada ya hapo. Ule uongo ulikwenda kwa mama. Mama alimuuliza Kioo mara ya pili, na Kioo, kwa kuwa alishayasema kwa afande, alimwambia vile vile: haikuwa na namba. Sasa mama alikuwa na watoto wawili, mmoja fundi anayeheshimiwa, mwingine dereva aliye mahabusu. Akapika chakula, akakibeba hadi kituoni, akamkabidhi Kutu kupitia kwenye nondo, na Kutu alipokuwa anakula, mama akamwambia, "Mwanangu, mimi sikukuzaa mwizi. Kama ulinunua kwa wezi, sema. Usimtupie kaka yako. Kaka yako ana mdomo, lakini hasemi uongo."

Kutu akaacha kutafuna. Akarudisha bakuli likiwa na chakula. Tangu siku hiyo mama akija hakutoka kumwona, na mama akaichukua hiyo kuwa dalili ya hatia.

Alikaa huko mvua zikaanza na zikaisha. Faili lilikuwa linangoja mtaalamu wa kuchunguza namba, na mtaalamu alikuwa anangoja faili. Abiria wake walipata dereva mwingine, chumba chake kikapata mpangaji mwingine, vyombo vyake vikahamishiwa uani kwa Kioo, vikafunikwa kwa turubai. Mkewe Kioo alikuwa akipita pale kwenda kuanika nguo. Siku moja alisimama mbele ya lile turubai muda mrefu, kisha akaingia ndani alikokuwa mumewe anakula.

"Siku ile ulibandika tepu?"

"Nilibandika."

"Utabandikaje tepu juu ya namba ambayo haipo?"

Kioo akasogeza sahani, akaomba chumvi. Mkewe akaiweka mezani, akaenda kulala chumba cha watoto, na huko ndiko alikoendelea kulala.

Mtaalamu alipofika hatimaye, alikuja na kisanduku chenye vichupa. Sasa sikiliza jambo ambalo Kioo, pamoja na ufundi wake wote, hakulijua. Namba ikigongwa kwenye chuma haikai juu tu. Nyundo inakibana chuma hadi ndani, na hata ukisugua juu pakawa kioo, chini kule chuma kinakumbuka. Yule mtaalamu alipaka dawa kali kwa pamba, akangoja, akapaka tena. Chuma kikaanza kufifia, kikawa kijivu, kikawa cheusi, na katikati ya weusi tarakimu zikatoka moja baada ya nyingine. Zililingana na kadi, zote.

Afande alimwita Kutu, akamrudishia mkanda. "Pikipiki ni yako," akasema. "Sasa mtu hafuti namba ya pikipiki yake halali. Aliyefuta tunamjua, na alinidanganya hapa hapa kwenye kiti hiki. Ukitaka nimlete, namleta leo."

Kutu alivaa mkanda taratibu. Alikuwa amekonda, na upele wa mahabusu ulikuwa umemjaa shingoni na kwenye mikono, mwekundu, kama mtu aliyeota kutu kweli. "Hapana, afande," akasema. "Huyo niachie mimi."

Habari zilimfikia Kioo kabla ya mwenyewe kufika. Usiku alipanga maneno. Mdogo wake akija na rungu, atamwambia hivi. Akija na matusi, atamwambia vile. Akija kulia, hapo pangekuwa rahisi kuliko kote. Mama alimtangulia Kutu kwa siku moja. Hakuketi, alisimama mlangoni pa kibanda. "Ulinituma mahabusu kumtukana mwanangu kwa ulimi wako," akasema. "Chakula kilikuwa mdomoni, hakukimeza." Akaondoka kwa mwendo wake ule wa polepole, na Kioo akamtazama mpaka akakata kona.

Kutu alipokuja hakuwa na rungu. Alikuja juu ya pikipiki yake. Akaegesha ng'ambo ya njia, mkabala na kibanda, ubavu wa injini ukielekea kwa Kioo. Rimu zilimeta, kava zilimeta, bomba la moshi lilimeta, na katikati ya mng'aro huo palikuwa na baka jeusi lenye tarakimu, baya kama kidonda kilichokauka. Akasalimia benchi, akasubiri abiria. Akipata, anakwenda. Akirudi, anaegesha pale pale.

Uzuri wa vyuma vile uliwavuta watu, na baka liliwafanya waulize. "Ndugu, pikipiki nzuri hivi, hapa pamefanywaje?"

"Hapo?" Kutu alijibu, bila kupandisha sauti. "Kazi ya kaka." Na akaonyesha kwa kidevu.

Basi. Hakuongeza neno. Hadithi iliongezwa na benchi, ambalo halijawahi kuwa na rafiki. Wiki ile ile akaja mteja mwenye injini iliyokwisha kubandikwa tepu huko huko nyumbani. Aliyemfuata alibandika mbili. Mwingine alibandika, akafunga na kamba, kisha akasimama juu ya kichwa cha Kioo muda wote wa kazi, mikono kiunoni. Kioo alipoinua kava na kusema, "Jitazame," mteja akajitazama, akasema, "Mimi najiona. Wewe fundi, namba unaiona?" Benchi lilicheka kicheko cha miaka yote. Kioo alitaka kucheka nao, kwa kuwa alizijua sheria za pale, lakini mdomo ulikataa.

Wateja hawakwisha. Afadhali wangekwisha. Walikuja, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kung'arisha vile, na kila mmoja alikuja na tepu yake. Na kila Kioo alipoinua macho kutoka kwenye gurudumu aliliona lile baka. Kwenye rimu alijiona, kwenye kava alijiona, pale tu ndipo asipojiona.

Alivumilia mpaka akashindwa. Asubuhi moja, akiwa na chuma mkononi na gurudumu likivuma, alimwita. "Mdogo wangu. Ilete hapa niipitishe msasa kidogo tu, pembeni pembeni. Namba sitaigusa. Bure."

Kutu akavuka njia kwa miguu, akasimama mlangoni. "Iache tu, kaka. Ipo sawa."

Benchi lilikuwa limejaa. Kioo akasema neno, chini chini, macho kwenye chuma.

"Sikusikii, kaka," Kutu akasema. "Mashine."

Kioo akazima mota. Gurudumu lile huchukua muda kusimama, linaendelea kuzunguka likipunguza sauti kidogo kidogo, na muda huo fundi pancha akaweka chini pampu yake. Mkewe alikuwa ameleta chai, akasimama na birika mkononi. Gurudumu likasimama.

"Nimekosea," Kioo akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu asiyezoea kulitamka. "Namba niliifuta mimi. Nilijua. Na kituoni nilisema uongo nikijua. Nimekosea, mdogo wangu. Nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Kutu alimtazama kwa makini, hivyo hivyo alivyomtazama kituoni, akingoja. Alipoona hakuna zaidi akaitikia kwa kichwa.

"Nimesikia," akasema.

Akavuka njia, akawasha pikipiki, akaenda zake na abiria. Kioo alikaa juu ya kigoda, akamwambia mkewe ampe chai, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akainywa yote. Alijiambia yamekwisha. Jioni hiyo alifunga kibanda mapema.

Asubuhi iliyofuata alipofungua mlango wa mabati, Kutu alikuwa ameshafika. Alisema, "Shikamoo kaka," kwa sauti ile ile ya siku zote. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa pale pale, ubavu ule ule, na yeye ameinama anaifuta vumbi kwa kitambaa, polepole, akizunguka namba ili ionekane vizuri.